Rafu ya kubeba matangi ya samaki: nimeijaribu kwa mifuko mitano ya saruji

Assalaam aleikum, na habari zenu watazamaji wangu. Nipo nyumbani Tanga, kwenye banda la gari, ila gari siku hizi linalala nje maana humu wanaishi samaki wa mapambo. Wengi mnanipigia simu mkiniuliza matangi makubwa nimeyaweka juu ya nini. Leo ninazo rafu mbili hapa: hii ya kupachika, ya dukani, na ile ya skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne, niliyochomelewa na fundi Ngamiani, hapa hapa mjini. Tuzitazame.

Kabla ya rafu, uzito. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 40, kimo 45. Nikilijaza nikaacha sentimita 5 juu, hapo kuna lita 192, na lita ya maji ni kilo moja. Kioo chake cha milimita 8 ni kama kilo 38. Ukiweka na mchanga wa chini unafika karibu kilo 250. Hiyo ni mifuko mitano ya saruji. Nami nataka matangi mawili, moja chini moja juu, kwa hiyo ni nusu tani imesimama mahali pasipofika hata nusu ya mlango.

Sasa hii ya dukani. Kuipachika ni rahisi kweli, nyundo ya mpira tu, nusu saa umemaliza. Stika yake inasema kilo 300 kwa kila rafu. Sogeza kamera hapa mwanangu, waone. Kilo 300, na tangi letu ni 250, si tumepona? Nami nilidhani hivyo mwaka juzi. Nilinunua rafu kama hii, nikapanga tangi, likakaa miezi minne. Alfajiri moja naingia kuwalisha samaki, nakanyaga maji. Ufa ulianzia kona ya chini kushoto ukapanda mpaka juu. Samaki wale niliwalea tangu wakiwa kama punje ya mchele. Watatu tu niliwawahi na ndoo. Mpaka leo inaniuma, ndiyo maana nimeamua kuizungumza kwa kirefu.

Rafu haikuanguka, wala chuma hakikupinda. Tatizo ni hili: kilo 300 za stika ni mzigo uliotandazwa ubao mzima, kwenye sakafu iliyonyooka, na ubao ukiwa mkavu. Rafu hii ina kina cha sentimita 60. Tangi lina 40. Kwa hiyo kingo za tangi haziji juu ya hivi vyuma vya mbele na nyuma, zinaangukia ubaoni katikati. Na ubao wenyewe ni huu wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Nimekata kipande, ona ukingo wake: hiki kikavu, hiki nilikiloweka jana usiku. Kimevimba kama mkate kwenye chai, ukikibonyeza kwa kidole kinabomoka. Kwenye matangi hukosi matone, unabadilisha maji kila wiki, na hewa yetu ya pwani ina unyevu wake. Ubao ukivimba upande mmoja na kubonyea upande mwingine, tangi linabaki limeshikwa pembe mbili tatu. Kioo hakijikunji. Ama kinapasuka, ama silikoni, ile gundi inayounganisha vioo, inaachia.

Nimeijaribu mbele yenu. Nimechora kwa chaki umbo la tangi, nikapanga mifuko mitano ndani ya chaki, nikafunga uzi kutoka ncha hadi ncha chini ya ubao. Jana jioni uzi uligusa ubao. Leo asubuhi, baada ya kutoa mifuko minne na kuacha mmoja, bado ubao umeshuka milimita 6 na haurudi. Kwa matairi, madumu na vifaa vya bustani ni rafu nzuri, ninayo nyingine pale kwa kazi hiyo. Kwa tangi la ukubwa huu, hapana.

Ile ya fundi ni skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene milimita 2. Paipu zinauzwa za mita 6. Kwa fremu ya ghorofa mbili nilinunua tatu na kipande kilibaki. Nilimpa fundi vipimo vya tangi lenyewe, si vya ukuta, ili kingo nne za kioo zikae juu ya chuma pande zote. Mifuko ile ile mitano, uzi ule ule: milimita moja. Nikaitoa, uzi ukarudi palepale.

Lakini msimwachie fundi kila kitu. Njoo karibu hapa. Chuma cha mlalo kimekaa JUU ya mguu, hakijaning'inizwa ubavuni kwa mshono. Ghorofa ya chini haikuwezekana hivyo, basi nikamwomba aongeze kipande cha paipu chini ya kila kona, kinachoshuka hadi sakafuni. Akaniambia, "Kaka, mshono wangu unabeba lori." Namheshimu fundi wangu, na vipande vile aliviweka. Pia hakikisha mshono umezunguka kona nzima. Wengine huchomelea pointi pointi na rangi inaficha.

Nyuma kuna vyuma viwili vilivyopishana kama X. Bila hivyo fremu inayumba ukiisukuma ubavuni, na yanapoyumba maji yanaongeza nguvu yake. Juu nimeifunga ukutani kwa fisha na skrubu, maana watoto hupanda.

Kutu ndiyo adui mkubwa wa hii, hasa kwetu tulio karibu na bahari. Paipu huoza kutoka ndani, kwa hiyo ziba midomo yote. Paka redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, mikono miwili, kisha rangi ya mafuta. Bei yake ilizidi ile ya dukani karibu mara moja na nusu, na nisingeokoa hapo.

Mtu wa mbao naye ana lake: mtiki unavumilia unyevu na sisi Muheza tunao, shamba la Longuza liko pale. Fundi seremala akiunganisha vizuri, nguzo ikabeba mlalo, inafaa kabisa.

Mwisho sakafu. Mabanda ya magari huwa na mteremko kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Hili langu linashuka sentimita moja na nusu ndani ya upana wa fremu. Nimeweka bamba za chuma za sentimita 10 kwa 10 chini ya miguu, nyingine mbili kwa miguu ya mbele, si vipande vya mbao wala maboksi. Pimamaji hii hapa, kitone kimekaa katikati, urefu na upana. Juu ya fremu nimetandaza ubao wa marini, yaani plaiwudi inayostahimili maji, kisha lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni, kwa sababu tangi langu halina fremu ya plastiki chini.

Leo nalijaza nusu tu. Uzi nimeuacha umefungwa, kesho asubuhi nikiukuta palepale ndipo nitafungulia mpira tena.