Mashine ya akiba ya boti: pima tezi kabla ya kuuliza bei

Kunduchi wananiita tajiri kwa sababu nina boti moja ya faiba na mashine ya nguvu za farasi 40. Utajiri wenyewe ni huo. Mwaka jana nikajiona mjanja, nikanunua mashine ndogo ya akiba, iliyotumika kidogo, ikafungwa pembeni mwa ile kubwa. Miezi mitatu hakuna aliyeigusa. Kusi limekolea, vijana wako nje ya Mbudya, kubwa ikazima. Wakashusha ndogo, ikawaka mvuto wa pili, ikalia kama cherehani, na boti palepale. Kila wimbi likinyanyua tezi, yaani nyuma ya boti pale mashine inapofungwa, panga la mashine linatoka majini linapiga upepo. Wakavutwa na boti ya watu wa nyavu, mafuta nikalipa mimi. Nahodha akaniambia, "Tajiri, mashine ni nzima. Mguu ndio haufiki."

Kwa hiyo habari za kasi na ulaji wa mafuta kaulize kwingine. Mimi nazungumzia shafti, yaani urefu wa huo mguu.

Shafti fupi ni ya tezi yenye kimo cha sentimita 38 hivi, ndefu ni ya 51. Chukua tepu, pima kuanzia juu ya ubao pale mashine itakapokaa hadi chini ya boti, wima. Pima palepale pembeni, si katikati, maana mashine ya akiba haikai katikati. Boti ikilala upande wa pili, ya pembeni ndiyo inayotoka majini kwanza. Lile bamba lililo juu ya panga liwe usawa wa chini ya boti au lizidi kidogo kwenda chini. Likiwa juu, utapata hasara mbili: husogei, na tundu la kunyonyea maji linanyonya hewa, mashine haikojoi maji ya kuipoza, inaungua. Kwa akiba, ukisitasita kati ya fupi na ndefu, chukua ndefu.

Ya kwanza kwangu ni Yamaha Enduro 15, shafti ndefu, wala sifichi mapenzi yangu. Plagi na impela (feni ya pampu ya maji) zake unazipata pwani yote, na hata fundi wa chini ya mwembe anaifungua bila kuuliza. Kama kubwa yako nayo ni Enduro, zote zinakula petroli ya kuchanganya na oili, huhitaji dumu la pili. Ina uzito wake, ila kijana mmoja anaibeba akinung'unika.

Ya pili ni Enduro 8. Nyepesi, haifiki kilo 30, inatosha kurudisha boti ya futi 20 nyumbani polepole, ila kusi likikaza itakuchosha roho.

Ya tatu, Tohatsu 9.8. Mashine nzuri sana, sina ubaya nayo. Siku ukitafuta spea Jumapili jioni ndipo utanikumbuka.

Za stroku nne, kina Suzuki na Honda, hazichanganywi oili na zinakula kidogo. Lakini ni nzito, na ukizilaza upande usiofaa oili inakwenda isikotakiwa. Akiba yetu inalazwa popote kuna nafasi, juu ya nyavu, chini ya ndoo ya chambo. Hapana.

Za Kichina, Parsun na Hidea, zipo na bei yake ni nafuu. Mwenye nayo atakusimulia.

Sasa wauzaji. Bei ya kwanza ni ya simu, ya pili ukifika, ya tatu ukiomba risiti ya EFD, kana kwamba karatasi ile inatoka Japani. Halafu boksi hawataki kulifungua. Mwezi uliopita nilikwenda duka moja mjini na tepu yangu mkobani. Muuzaji akaapa ni ndefu. Nikamwomba anionyeshe kibandiko. Kwenye Yamaha, M ni ya kuvuta kwa kamba, H ni ya kuongozwa kwa mpini wa mkono, na herufi ya mwisho ndiyo shafti: L ndefu, S fupi. Nikaweka kidole juu ya S.

Akaiangalia, akaniangalia. "Sasa mama, si umwambie fundi aikate tezi kidogo?"