Kitabu kipi cha ufundi ununulie Hilux yako ya zamani

Kabla hujatuma hela ya kitabu Dar es Salaam, fungua boneti. Ukutani nyuma ya injini kuna kibati. Kifute vumbi la Kasulu usome herufi za mwanzo za modeli. LN ni Hilux ya dizeli ya ukoo wa L: 2L, 3L na ndugu zao. RN na YN ni za petroli.

Mimi sikusoma. Niliona kitabu kinene chenye pikapu inayofanana na yangu ya dizeli hadi taa, nikalipa, kikaja na basi. Fundi wangu wa Mwanga, Kigoma, akakifungua, akakutana na kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa ambacho injini ya dizeli haina. "Mzee, hii yako inayobeba dagaa Kibirizi ina kabureta?"

Namba moja kwangu ni kitabu cha Toyota wenyewe, hata kikiwa fotokopi iliyofungwa spairo. Ubaya wake hakiji kimoja: injini ina chake, chasisi chake, nyaya chake. Hela ikibana, anza na cha injini. Injini za L zinatumia taiming belti, mkanda unaopanga vali na pistoni ziende pamoja, na ikikatika, vali na pistoni hugongana, kwa hiyo alama za kuifunga si za kukisia. Bolti za silinda hedi nazo zina mpangilio na toki yake, yaani nguvu ya kuzikazia. Angalia vipimo: Toyota huandika kgf·cm, na toki renchi nyingi za gereji ni za Nm. 800 kgf·cm ni kama 78 Nm. Ukimwachia fundi asome 800 bila kuuliza ni kipimo gani, bolti itakukatikia mkononi.

Cha pili, vitabu vya Australia, mfano vya mchapishaji Ellery. Kule Hilux ya dizeli yenye usukani wa kulia ni gari la kawaida kama huku, na kitabu kimoja kinakupa gari zima. Kwa mtu anayejitengenezea mwenyewe barazani, pengine hiki ndicho kinatosha.

Cha tatu ni vya mchapishaji Haynes. Picha zao tamu, maana gari linafunguliwa kweli na kupigwa picha hatua kwa hatua. Lakini kile cha pikapu za Toyota za Marekani ni cha petroli. Una RN yenye injini ya 22R? Chukua. Una LN? Utabaki na breki na beringi.

Kijitabu cha kwenye dashibodi usikilipie. Ni cha oili, balbu na upepo wa matairi, na gari likiwa limetoka Japani, mara nyingi ni Kijapani kitupu.

PDF za kwenye flashi ni rahisi na zinafaa, mradi kwenye kurasa za mwanzo uione injini yako imetajwa. Chapisha kurasa unazotumia, simu na mikono yenye oili havipatani.

Muuzaji akikwambia "hiki kinaingia Hilux zote", mwombe akupigie picha ya ukurasa wa pampu ya dizeli. Akituma kabureta, mwambie abaki nacho.