Hita na taa za boksi la nyoka: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla hujanunua balbu yoyote nunua thamostati, kile kifaa kinachopima joto na kuidhibiti hita, na sitanii. Watu wanamaliza hela kwenye boksi zuri la kioo, matawi, majani ya plastiki, alafu ikifika kwenye joto wanachomeka hita moja kwa moja kwenye soketi, wiki ijayo wanauliza mbona nyoka hatulii. Nyoka hatengenezi joto lake, anaota la nje, akipoa sana chakula hakisagiki anakitapika na kifua kinaanza kumsumbua, na akizidishiwa anaweza kulala palepale kwenye moto mpaka tumbo linababuka, maana hashtuki haraka kama wewe ukishika sufuria.

Hapa nazungumzia yule chatu mdogo anayejikunja kama mpira, ndo wengi wanafuga. Upande wa joto nyuzi 31 hadi 33, upande wa baridi 24 hadi 27. Pande mbili lazima ziwepo, yeye ndo anachagua saa ngapi akae wapi.

Sasa sensa ya thamostati, ile ncha ya waya inayopima joto. Mimi niliining'iniza tu pembeni, usiku nyoka akapita akaisukuma ikatumbukia kwenye bakuli la maji, thamostati ikasoma yale maji ikaona baridi ikaendelea kupika. Asubuhi napima kigae chini ya hita nakuta 46! Bahati yangu jamaa alikuwa kashahamia upande wa pili, kajibana nyuma ya gome. Tangu siku hiyo sensa naifunga na vile vifungo vya plastiki vya nyaya, na sio selotepu, selotepu ikimnasa unaondoka na magamba.

Haya, hita, kuanzia bora kwenda mbovu:

1. Balbu ya haloji, ile ya mwanga mpana. Kwa mchana hakuna inayoishinda. Joto lake linaingia ndani ya mwili kama la jua, halibaki juu ya ngozi tu, na inawasha mwanga hapo hapo, na ni rahisi kupata. Ubaya wake haifai usiku, na inataka thamostati ya dima, ile inayopunguza umeme taratibu, ukiiweka kwenye ya kuwaka na kuzima unapata disko na balbu inakufa mapema. Ukiona joto halitoshi isogeze chini kidogo kwanza kabla ya kukimbilia wati kubwa.

2. Projekta ya joto, hii haitoi mwanga wa maana kwa hiyo usiku iko poa. Joto lake linakaribia la haloji. Kama nyumba yako inapoa sana usiku mimi ningechukua hii pamoja na namba moja nikamaliza biashara.

3. Paneli ya joto ya kufunga juu ndani ya boksi. Kwa boksi kubwa la mbao na nyoka mkubwa naipenda kuliko hata namba mbili, haina balbu ya kujiviringisha wala kuvunja. Kwa boksi dogo unapoteza hela.

4. Seramiki, ile hita ya kigae isiyotoa mwanga. Inapasha hewa vizuri, inadumu, ila inakausha unyevu vibaya sana, chatu akijivua gamba linatoka vipande vipande, itabidi unyunyize maji kila mara. Na holda lazima iwe ya kaure, ya plastiki itayeyuka.

5. Mkeka wa joto. Wauzaji wanausukuma sana kwa wanaoanza. Haupashi hewa, na ukirundika udongo mnene juu yake joto linabanwa chini, nyoka akichimba anakutana nalo. Kwa wanaofuga kwenye vyombo vya plastiki bado una kazi yake, ila bila thamostati usiuguse.

6. Jiwe la umeme na balbu nyekundu. Acha. Jiwe linaunguza, na nyekundu ile nyoka anaiona, hadithi kwamba haoni isikudanganye.

Hita yoyote ya juu iliyo ndani ya boksi ifunge kizimba cha waya, chatu anapenda kukumbatia kitu chenye moto.

Upande wa taa sina maneno mengi. Kuna wanaosema nyoka hahitaji mionzi ya UVB, ile ya jua inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D, na kweli wengi wanaishi bila hiyo kwa sababu panya mzima anawapa vitamini D, ila mimi ningenunua. Chukua tyubu ya T5, ile nyembamba ndefu, yenye UVB asilimia 5 hadi 7, sio balbu ya kujikunja, iwe fupi kuliko boksi ili abaki na kivuli. Isimulike kupitia kioo, kioo kinazuia UVB karibu yote, na wavu wa juu nao unakula sehemu. Badilisha kila baada ya miezi 12 hata kama bado inawaka, mwanga unabaki ila mionzi imeshapungua. Kama una mimea ongeza LED nyeupe. Zote kwenye taima, masaa 12 ziwake, masaa 12 giza totoro.

Na vile vipimajoto vya mshale vya kubandika, usinunue. Chukua vya dijitali viwili, kimoja kila upande, na bastola ya kupimia joto la pale anapolala.