Kiangazi cha Pune: sol kadhi kwanza, mastani baadaye

Ndugu yangu unayekuja Pune, India, kwa masomo, au unayemleta mgonjwa, kama safari yako imeangukia kati ya Machi na mwanzoni mwa Juni, jua kwamba joto la huku si lile tulilolizoea Tanga. Kwetu unaloa, shati linaganda mgongoni, na huhitaji kuambiwa kwamba maji yanakutoka. Huku hewa ni kavu. Mchana wa Aprili kipimo kinapanda mpaka nyuzi 38, siku nyingine 40, na jasho linakauka kabla hujaliona. Unajiona mzima kabisa, kumbe mwili unanyauka. Jioni kichwa kinaanza kugonga, midomo inapasuka, na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi.

Wageni wengi hukimbilia soda na aiskrimu. Nawaelewa, ila nimeshakaa huku misimu ya kutosha kusema bila kusita kwamba kinachopoza mwili kweli ni chenye chumvi na uchachu. Vitamu ni starehe, na starehe nazipenda, lakini zina saa yake.

Nikiambiwa nichague kinywaji kimoja tu, nachagua sol kadhi. Asili yake ni Konkan, ule ukanda wa pwani unaoteremka kutoka Mumbai kwenda Goa, na mtu wa pwani yetu akiionja ataelewa mara moja anakunywa nini, maana msingi wake ni tui la nazi. Kuna tunda linaitwa kokum, dogo, jekundu, likiiva sana linakuwa kama zambarau. Maganda yake huanikwa juani, kisha ukiyaloweka yanatoa maji mekundu yenye uchachu wa karibu na ukwaju, ila mwepesi zaidi na hauachi uzito ulimini. Maji hayo huchanganywa na tui la kwanza, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili mbichi kidogo, chumvi na majani ya kotmiri. Vikikutana vyote, unapata kinywaji cha rangi ya waridi, baridi, kinachoteremka kooni na kuacha mwasho kidogo tu wa pilipili.

Kiulizie kwenye hoteli za chakula cha Kimalvani, yaani cha Malvan huko Konkan, nazo Pune ni nyingi. Huletwa na sahani ya wali na samaki, mara nyingi surmai, yaani nguru wetu yule yule, aliyepakwa viungo na kukaangwa na semolina juu. Kunywa nusu wakati wa kula, nusu ubakize ya mwisho. Na ikifika mezani iangalie kwanza. Nzuri ina waridi iliyofifia na tui limeshikana mpaka chini. Ukiona maji mekundu yamekaa chini na mafuta meupe yanaelea juu, hiyo ilitengenezwa asubuhi ikasahaulika. Ukiona waridi inayong'aa mno, mara nyingi wametia bitiruti kuiongezea rangi. Haidhuru, lakini ladha yake inakuwa ya udongo udongo. Na nyingine hutengenezwa kwa unga wa nazi wa pakiti. Mtu aliyekulia kwenye mbuzi ya kukunia nazi hadanganyiki hapo.

Cha kila siku ni taak. Ni mtindi uliopigwa, siagi ikatolewa, ukaongezwa maji mpaka ukawa mwepesi kama maji ya mchele. Wenyewe hutia chumvi, tangawizi iliyotwangwa, jira iliyokaangwa kavu na kotmiri. Mama mwenye nyumba ninapopanga, ambaye sote tunamwita Kaku, hanifungulii mlango mchana wa Mei kabla sijamaliza bilauri moja. "Kunywa kwanza, ndipo utoke." Zamani nilidhani ni ukarimu tu. Sasa naona ana hoja: maji matupu yanarudisha maji peke yake, taak inarudisha na chumvi iliyotoka na jasho, na tumbo linatulia. Za pakiti zinauzwa kila duka la maziwa kwa bei ndogo na si mbaya, ila za nyumbani ndizo zenye tangawizi ya kutosha.

Kaku ana friji, lakini maji ya kunywa hayaweki humo. Yako kwenye mtungi wa udongo uliowekwa pembeni ya dirisha la jikoni, umefunikwa kitambaa chenye maji. Maji hupenya taratibu kwenye vitundu vya udongo, yakifika nje hukauka, na katika kukauka huchukua joto la yaliyobaki ndani. Kwa kuwa hewa ya Pune ni kavu, mtungi hufanya kazi kwa bidii kuliko ule wa bibi yangu Tanga, ambako hewa imeshajaa unyevu wa bahari. Maji yake hayaumi meno. Siku nyingine Kaku hutumbukiza kifungu cha mizizi ya vala, nyasi yenye harufu nzuri, na maji yote yananukia kama ardhi iliyonyeshewa. Mtungi mpya unauzwa barabarani kila mwanzo wa kiangazi. Ukikaa huku zaidi ya mwezi, nunua.

Juisi ya miwa utaisikia kabla hujaiona. Mashine za huku zimefungwa vikengele kwenye gurudumu, kwa hiyo kila muwa ukipita, mtaa mzima unajua. Vibanda vingi vimeandikwa Navnath au Kanifnath Rasvanti Gruha (yaani nyumba ya juisi), usidhani ni kampuni moja yenye matawi, ni majina ya watakatifu wao. Hutiwa tangawizi na limau, na aliyewahi kunywa miwa ya Forodhani, Unguja, atajiona yuko nyumbani. Mimi natoa rupia 20 kwa glasi. Tahadhari moja tu, barafu. Mapande makubwa ya barafu ya viwandani hayakutengenezwa yote kwa ajili ya kinywa cha mtu, mpaka serikali ya jimbo la Maharashtra ikaagiza mwaka 2018 ile isiyo ya kula itiwe rangi ya buluu. Hata hivyo, tumbo la mgeni halina mazoea. Sema "bina barf", muuzaji ataelewa, na kama miwa ilikuwa kivulini juisi inatoka na ubaridi wake.

Kwa chakula, kipindi hiki nawaachia wengine biriani. Wali wa mtindi ndio unaonibeba mchana. Wali uliopoa unapondwa kidogo, unamiminiwa mtindi na maziwa, kisha unaungwa juu kwa mafuta yaliyochemshiwa haradali, majani ya mchuzi, pilipili kavu na chembe ya mvuje. Pembeni achari ya embe. Usiku wa kuamkia mtihani huwa sitaki kingine.

Ukiwa mjini, nenda hoteli ya Vaishali, barabara ya Fergusson College, uagize SPDP (sev potato dahi puri). Ni vijipuri vidogo vya kukaanga vilivyopasuliwa juu, vikajazwa viazi, vikamiminiwa mtindi baridi wenye utamu kidogo, chatne ya ukwaju na tende, halafu vikafunikwa kwa sev, zile tambi nyembamba za dengu tunazozijua kwenye chevda. Kitie kimoja kizima mdomoni, usikikate, na ukile mara kinapofika, maana dakika chache tu puri imelowa na raha imekwisha. Jumapili foleni ni ndefu. Nenda siku ya kazi saa tisa alasiri.

Maembe yanahitaji mkeka wao. Hapus (embe aina ya Alphonso) ya Ratnagiri na Devgad, huko Konkan, huanza kujaa sokoni Mandai kuanzia Aprili, yamepangwa kwenye majani makavu ndani ya masanduku, yanauzwa kwa dazeni. Tangu 2018 jina hilo linalindwa kisheria kwa ajili ya wilaya tano za Konkan tu, lakini maembe ya jimbo jirani la Karnataka yanayofanana nayo yanaendelea kuuzwa kama ya Ratnagiri. Mimi mwenyewe niliuziwa hayo na mchuuzi mmoja aliyeniapia. Usisikilize kiapo, nusa karibu na kikonyo. Hapus yenyewe ikikaa chumbani usiku mmoja, asubuhi chumba kizima kinanukia. Kaku huikamua nyama yote kwa mkono, haitii sukari wala maziwa, anaweka samli kijiko kimoja na pilipili manga ya kunusisha tu ili tumbo lisivimbe, tunakula na puri za moto. Hiyo ndiyo aamras, na kwangu mimi hakuna chakula cha India kinachoifikia. Haipozi mwili hata kidogo. Ukishakula unalala.

Panha nayo ni ya embe, ila bichi: linachemshwa, linapondwa na sukari guru na hiliki, halafu linazimuliwa kwa maji ya mtungi. Ukirudi kutoka juani, hii inakuinua haraka kuliko soda yoyote. Epuka ya chupa.

Mastani sasa. Ndicho kinywaji ambacho kila mtu wa Pune atakupeleka ukanywe, na Sujata Mastani ya Sadashiv Peth ndiko wengi wanakoapia. Ni maziwa mazito yaliyosagwa na embe, juu yake bonge la aiskrimu, unaanza na kijiko unamalizia na mrija. Ya embe ni tamu kweli kweli, wala sina neno baya juu yake. Lakini ukiinywa saa saba mchana ukitafuta kupoa, nusu saa baadaye una kiu kuliko ulivyoingia. Iendee usiku baada ya chakula, mkiwa wawili kwa glasi moja. Mwenye kisukari asiiguse.

Kwa wanaofunga: Ramadhani ya 2022 iliangukia Aprili, na pale mtaa wa Mominpura wakati wa futari kila meza ilikuwa na Rooh Afza, ile sharubati nyekundu ya tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wengi huinywa na maziwa. Ijaribu na maji, ndimu na mbegu za mrihani zilizolowekwa mpaka zikavimba. Utamu unapungua na unaweza kunywa bilauri ya pili.

Kabla hujarudi nyumbani, pita kwenye maduka ya bidhaa za Konkan ununue kokum. Soma chupa vizuri. Kuna sharubati yake, yenye sukari, na kuna agal, maji mazito ya kokum yenye chumvi. Unayoitaka kwa sol kadhi ni agal. Funga kifuniko kwa selotepu, ingiza kwenye mifuko miwili ya plastiki, weka katikati ya nguo kwenye begi kubwa. Nyumbani vijiko viwili vinatosha kwa tui la nazi moja, na chumvi usiongeze mpaka umeonja.