TAHADHARI: Anayepita Moshi na vijijini akiuza "epoksi", gundi ya kuziba mbao zilizooza, ni mwizi

Nimekaa na jambo hili tangu Desemba, nikiona aibu kulisema hadharani. Jana jioni nimeambiwa mtu yuleyule ameonekana Kiborloni, ana makopo yaleyale, anaingia nyumba hadi nyumba. Nikasema basi, siwezi kuilinda aibu yangu huku wenzangu wanaibiwa. Nayaandika yote, naomba msome mpaka mwisho na mumpelekee kila mwenye nyumba ya zamani.

Nyumba ya mzee, yaani marehemu baba yetu, kule Uru ilikuwa lazima ikae sawa kabla ukoo haujakusanyika Desemba. Mlango mkubwa wa mbele na madirisha mawili ya upande wa gata vilikuwa vimeanza kuoza kwa chini. Mlango ule ni wa mseri, mti wa msituni. Baba aliuchongesha kwa hela za kahawa sisi tukiwa wadogo, na mbao kama zile leo huzipati, maana msitu wa juu, wa Mlima Kilimanjaro, umeingizwa kwenye hifadhi ya taifa tangu 2005 na hakuna wa kwenda kukata mseri kule. Fundi wa kwanza niliyemuuliza alisema ng'oa weka wa chuma. Nikamjibu mlango wa baba yangu hauwi kuni mimi nikiwa hai. Kwa hiyo mjue nilikuwa natafuta nini: mtu wa kuuponya mlango badala ya kuutupa. Na huyu akatokea akiuza hichohicho.

Nilimwona kwenye status ya mtu ninayemheshimu sana, ambaye naye alikuwa amerusha tu tangazo bila kumjua. Nikapiga simu. Sauti ya upole, "shikamoo mama" kabla sijasema lolote. Nikamwelekeza nyumba ya mzee, tukakubaliana Jumamosi, mwishoni mwa Novemba.

Alifika kabla yangu. Nilipopanda kutoka mjini nilimkuta amekaa barazani, kofia mkononi, viatu amevivua. Akasimama, akanipa pole ya mzee. Akamtaja baba kwa majina yake yote matatu. Akasema, "Mwezi wa nne ndio alitutoka, eti mama? Mzee wa miaka themanini na mbili, Mungu alimpa." Nilishindwa kujizuia machozi. Nikajua huyu ni kijana wa hapahapa, labda mtoto wa mtu tuliyesali naye, labda alikuwepo hata kwenye mazishi. Kuanzia hapo sikumwuliza tena anatoka wapi. Nani angemwuliza?

Akatoa bisibisi kwenye mkoba, akanipa. "Shika wewe mwenyewe, mama." Akanionyesha mguu wa fremu ya mlango, sehemu yenye rangi nzima kabisa, haina ufa. "Sukuma." Nikasukuma, na haikugonga kitu. Ilizama kama kwenye ndizi mbivu mpaka mpini ukagusa rangi, na nilipoivuta ilitoka na unga mweusi uliolowa, unanuka uyoga. Mlango ninaoupita kila wiki! Nilijisikia kama mtoto aliyemtelekeza mzazi. Sasa ndiyo naona ujanja wake: aliniachia niugundue ugonjwa kwa mkono wangu mwenyewe, na mtu akishagundua hivyo habishani tena na dawa.

Kisha akanieleza epoksi. Hapa ndipo uchungu unaponizidi, kwa sababu alichosema ni kweli, nimekihakikisha baadaye kwa watu wanaoijua kazi. Kwamba ina sehemu mbili, gundi yenyewe na hadina, yaani dawa ya kuikaza, na lazima zipimwe kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, nyingine moja kwa moja, nyingine mbili kwa moja. Kwamba inakauka kwa sehemu hizo mbili kuungana, siyo kwa maji kupotea, ndiyo maana haisinyai ikaacha ufa. Kwamba inatumika kwenye boti na kwenye madirisha ya nyumba za kale huko Ulaya. Kwamba ikishakaza unaipiga msasa, unaitoboa, unafunga skrubu kama kwenye ubao. Yote kweli tupu. Alinidanganya kitu kimoja tu, kwamba ndiyo iliyokuwa ndani ya makopo yake.

Akasema tujaribu. Kutoka mkobani, siyo kwenye yale makopo makubwa mawili aliyoyaweka pale sakafuni yenye stika ya maandishi ya Kijerumani, akatoa kikopo kidogo. Akachota uji mzito wa kijivu, akakamua juu yake kitu chekundu chembamba kutoka kwenye kitubu, kama mnyoo, akakoroga juu ya kipande cha boksi mpaka ukageuka waridi. Harufu ikanipanda puani, kali, ileile ya gereji wanakonyoosha bodi za magari. Nilikumbuka kabisa harufu ile nimeisikia wapi, na bado sikuunganisha. Akaziba lile tundu la bisibisi na sehemu ya kiganja kimoja kuzunguka, akalainisha kwa kisu. Nikaingia kumpikia chai.

Hata kikombe hakijaisha akaniita. Zilikuwa dakika 15 hivi, na kulikuwa na manyunyu na ule ubaridi wa Uru. Akanipa nyundo. "Piga, mama, usiogope." Nikagonga kidogo. Akasema piga kweli. Nikapiga mara tatu kwa nguvu zangu zote, ikalia ko, ko, ko, kama jiwe. Nikaguna kwa furaha. Nikamwambia Mungu akubariki.

Kilo nane za "dawa", shilingi 480,000, ameshusha kutoka 520,000 kwa heshima ya mzee. Ufundi 150,000. Nilitaka nilipe nusu kwanza, akasema makopo yakishafunguliwa hayarudishwi, na kuna mteja Marangu anayasubiri. Nikarusha hela yote kwenye simu. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Akasema ni mke wangu, laini yangu ina shida. Risiti atanitumia.

Akafanya kazi mchana uleule. Hakukwangua mbao zilizooza, alisema dawa itazigandisha zilipo. Mbao zimelowa, gata linavuja juu yake, yeye anajaza tu kwa mwiko. Giza halijaingia alikuwa ameshapaka na rangi. Ilipendeza. Nikapiga picha, nikatuma kwa ndugu wote, na wote mkanipongeza, mnakumbuka. Hela zile hazikuwa zangu peke yangu, tulichanga. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya ninyamaze.

Tarehe 27 Desemba, watu wamejaa barazani, mlango ukabana kwa sababu ya mvua. Baba mdogo akashika kitasa kwa mkono wa kulia na fremu kwa kushoto ili apate nguvu. Kidole gumba cha kushoto kikaingia ndani ya fremu. Kiliingia chote. Alipokitoa kilikuwa kimepakaa uji mweupe. Akanitazama, hakusema neno, akashuka ngazi akaenda kujifuta kwenye jani la mgomba. Watoto wakaanza kuchokoa, na rangi ikabanduka kama ngozi ya maziwa, chini yake ni uji huohuo kila mahali. Kile kiraka cha majaribio, nilichokipiga nyundo, kikadondoka kizima. Kigumu vilevile! Nyuma yake maji, na ubao mweusi kuliko mwanzo. Shangazi akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo michango yetu ndiyo hii?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Januari nilimleta fundi samani mmoja wa Majengo, mtu mzima, hana maneno mengi. Kiraka alikinusa tu. Akasema hii ni fila ya magari, ile ya kujazia bodi zilizobonyea. Inakauka haraka, ni ngumu, lakini ni kavu mno kwa ubao. Ubao unavimba na kunywea kwa mvua na jua, yenyewe haifuati, kwa hiyo inaachia. Yale makopo makubwa alikuwa ameniachia baki, eti ya akiba. Fundi akachota kijiko cha lile la kwanza akatia kwenye glasi ya maji, akakoroga. Maji yakawa maziwa. Ni gundi nyeupe ya mbao, ile ya kawaida, imechanganywa na maranda ili iwe nzito na ifanane na ubao. Kopo la pili, la "hadina", ni maji yenye chaki. Epoksi ya kawaida hata kabla haijakauka haichanganyiki na maji namna ile. Kwa hiyo nilionyeshwa kitu kimoja nikauziwa kingine, na hata kile nilichoonyeshwa hakikuwa epoksi.

Tulikuwa tumekaa palepale barazani, na macho yangu yakaenda kwenye kaburi la baba. Hatua kumi. Msalaba una majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kulala. Alikuwa amekaa pale nusu saa peke yake akinisubiri, akausoma. Huyu mtu hakuwahi kumjua baba yangu. Alimchukua marehemu kaburini akamfanya mdhamini wa wizi wake. Hilo simsamehei, na naandika hili mkono unatetemeka.

Nataka akamatwe. Sisemi apigwe, nasema afungwe, na ile pikipiki yenye boksi nyekundu iuzwe kila mama arudishiwe hela yake, na mwenye laini ile ya simu naye aitwe aeleze. RB, namba ya taarifa niliyoandikisha polisi, ninayo. Namba yake ya simu nimeiripoti 15040, kule wanakopokea taarifa za matapeli wa simu, na ninyi mkipata ujumbe wake fanyeni hivyo hivyo. Jina alilonipa siliandiki, nimethibitisha si lake, na nisije nikamchafua mwenye jina bure. Watu wanasema "hela ndogo hiyo, achana naye." Hela ndogo ya nani? Mtu anayechagua nyumba zenye makaburi mapya, wajane na wazee, ni wa kuachwa aendelee hadi lini?

Mtaniuliza nini cha kuangalia. Mimi si fundi, nasema niliyoambiwa. Anachokujaribishia kitoke kwenye kopo lilelile unalolinunua, mbele ya macho yako, toka lilipofunguliwa. Epoksi ya kujazia ubao huachwa masaa, mara nyingi hadi kesho yake, na kwenye baridi ndiyo inachelewa zaidi. Ipo ya dakika tano ya kwenye vitubu vidogo, lakini si ya kuzibia mguu mzima wa mlango. Ikinuka gereji, mfukuze. Fundi wa kweli anaanza na mahali maji yanapotoka, kwetu ni gata, kisha anatoa kilichooza kwa patasi mpaka afike kwenye ubao mzima, anaacha ukauke hata wiki kadhaa, ananywesha epoksi nyepesi kwanza ndipo anajaza ile nzito, na mwisho rangi, kwa sababu jua linaila epoksi. Ukimimina juu ya ubao uliolowa, hata kama dawa ni halali, ubao unaendelea kuoza kwa ndani. Na jina la kwenye simu likitofautiana na la mtu aliyesimama mbele yako, usirushe. Hilo nililiona kwa macho yangu nikalipita.

Mwenye kopo la stika kama ya makopo yangu, ya bluu yenye tai mweusi na herufi A na B, asilitupe. Mimi yangu yote mawili ninayo, pamoja na kile kiraka, na Jumatatu asubuhi nayapeleka kituoni. Tayari mama wawili wa Kibosho wamesema watakuja. Ukiwa wa tatu niandikie faragha leo, twende pamoja.

Mlango tumeung'oa na fremu yake, umeegemezwa barazani chini ya turubai, unakauka. Fundi anasema miguu ya fremu ataikata sentimita 40 aunge ubao mpya wa mringaringa, na penye matundu madogo atajaza epoksi, ambayo ameniambia nikainunue mwenyewe dukani, kwa risiti.