Superman na Mwanawe: Miaka Saba ya Jon Kent Iliyorukwa

Vitabu vya katuni vya mashujaa si bidhaa ya kila duka hapa Unguja. Juzuu za Superman zilizoanza mwaka 2016, pamoja na zile za Super Sons, nilizipata kwenye meza ya vitabu vya mtumba Darajani, majalada yakiwa yamekunjika pembe lakini kurasa zimetimia, na kwa bei ile sikuwa na la kulalamika. Ninazipima kwa jambo moja, nalo ni namna zinavyomkuza mtoto.

Mwanzo wake ni mzuri mno. Jon Kent, mtoto wa Superman, ana umri wa miaka 10, anaishi shamba na wazazi wake kwa jina la kujificha, na nguvu alizorithi zinamtoka kabla hajajua kuzitawala. Katika toleo la kwanza mwewe anamnyakua paka wake, Goldie. Jon anataka kumwokoa kwa moto wa macho yake, na kufumba na kufumbua mwewe na paka wote wameteketea. Peter Tomasi na Patrick Gleason, walioiandika hadithi hiyo, hawakukimbilia kumliwaza, bali walimwacha na hofu ya kile alichokuwa nacho mwilini mwake. Katika Super Sons, iliyoanza mwaka 2017, anakutanishwa na Damian, mtoto wa Batman, ambaye kwa umri wake wa miaka 13 hapendi hata kidogo kuwa mfupi kuliko Jon, aliye mdogo kwake kwa umri. Ugomvi wao ni wa watoto kweli, wala si wa watu wazima waliovishwa kaptula.

Mwaka 2018 hadithi ilikabidhiwa Brian Michael Bendis, na hapo ndipo ninapokasirika. Jon anaondoka na babu yake kwenda angani. Wazazi wanangoja wiki chache, naye anarudi kijana wa miaka 17, kwani huko alikokwenda muda ulipita kwa kasi nyingine na sehemu kubwa yake aliimaliza kifungoni. Miaka ambayo sauti huwa nzito, na mtoto aliyekuwa akishikwa mkono kwenda msikitini huanza kukaa barazani na wenzake na kumjibu mama yake kwa mkato, hapa inaelezwa kwa masimulizi ya kupita tu, ilhali mama yake mwenyewe hakuishuhudia.

Sababu yake ni ya kibiashara na inaeleweka: mtoto akikua, baba naye huzeeka, na Superman haruhusiwi kuzeeka kwa kuwa ndiye anayeuza. Kwa sababu kama hiyo Franklin Richards, mtoto katika vitabu vya kundi la mashujaa la Fantastic Four, aliyezaliwa mwaka 1968, alibaki mtoto kwa miongo kadhaa. Hata hivyo njia ya tatu ipo. Dick Grayson, wa kwanza kuitwa Robin, yaani msaidizi kijana wa Batman, alitokea mwaka 1940, akapelekwa chuo kikuu mwaka 1969, na mwaka 1984 akawa Nightwing, mtu mzima mwenye jina lake mwenyewe. Alikua polepole, mbele ya wasomaji.

Kwa hiyo Superman za 2016 na Super Sons nazipendekeza bila kusita. Kiingereza chake hakimshindi mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ingawa wa skuli ya msingi ni vyema asomewe na mtu mzima, hasa ukurasa ule wa paka. Juzuu za Bendis zina michoro ya kupendeza, lakini mzazi asizinunue mpaka mtoto aulize Jon aliishia wapi. Na akishazizoea zile za mwanzo, atauliza.