Nauli ya Landrova kutoka Southampton: nyota tatu, na mbili nimezikata kwa sababu ya vipimo

Jina la wakala silitaji. Hasira zimeshapoa, na nusu ya kosa lilikuwa langu. Ila kama una mpango wa kupeleka gari la zamani Bongo kutoka Uingereza, soma haya kabla hujatuma pesa.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile fupi yenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2 na robo. Nililinunua Coventry kwa ajili ya mzee wangu aliyeko Arusha. Tangu Oktoba 2024, tamasha la Landrova lilipoujaza mji ule, kila nikipiga simu anaanza na "ile yangu umeipata?" kabla hata ya kunisalimia.

Nikatafuta wakala anayepakia kwenye meli za roro, zile ambazo gari linaendeshwa hadi ndani. Aliyepokea simu ni kijana wa Mombasa, mchangamfu kweli. "Kaka, nitumie urefu, upana na kimo, nikupe bei saa hii hii." Waliowahi kuagiza gari Japani wanaijua ile M3 inayoandikwa pembeni ya picha. Ndiyo hiyo hiyo: unazidisha vipimo vitatu, unapata mita za ujazo, unazidisha kwa bei ya mita moja. Uzito hawaujali sana kwa gari dogo, wanachouza ni nafasi.

Mimi nikachukua vipimo vya kitabu: 3.62 kwa 1.68 kwa 1.97. Jibu ni 11.98. Kwa pauni 58 kila mita ya ujazo, nauli ikawa pauni 695 hivi. Nikalipa malipo ya awali siku hiyo hiyo, roho kwatu.

Wiki mbili baadaye ikaja ankara mpya: mita za ujazo 15.38, pauni 892. Nilidhani wamekosea gari. Hapana. Bandarini walikuwa wamelipima lilivyo, na lilivyo halifanani na la kitabuni. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amefunga keria ndefu juu, kimo kikapanda hadi 2.22. Nyuma kulikuwa na tairi la akiba na ndoano ya kuvutia tela, urefu ukafika 3.85. Saiti mira nazo zilikuwa zimetanuliwa kama masikio ya tembo, upana 1.80. Meli haipimi bati la gari, inapima sanduku ambalo gari lako lingeingia bila kugusa ukuta. Hewa yote iliyo juu ya boneti, unailipia. Wenye Volkswagen ya mgongo wa kobe wanaumia zaidi, maana gari zima ni mviringo lakini hesabu ni ya pembe nne.

Nilipomweleza mzee, alicheka hadi akakohoa. "Kwani wanasafirisha kokoto?"

Hapa ndipo ninapowakata nyota. Kijana hakuniuliza hata mara moja kama gari lina keria. Swali moja tu lingetosha. Na kwenye fomu yao hakuna mahali pameandikwa kwamba saiti mira zinahesabiwa. Kampuni nyingine huziacha, nyingine huzipima, kwa hiyo uliza na upate jibu kwa maandishi.

Nyota walizobaki nazo wamezipata kwa kilichofuata. Nilipolalamika hawakunizungusha. Wakaniambia meli haijapakia, nina siku nne, nikipunguza kitu watapima upya bila kunitoza. Nikapanda treni hadi Southampton na begi la spana. Keria nikaifungua. Tairi la akiba nikalihamishia juu ya boneti, ambako Landrova ina sehemu yake maalumu, na kwa kuwa boneti iko chini ya paa halikuongeza hata sentimita. Ndoano ya tela nikaing'oa, boliti moja ilikuwa na kutu ya miaka arobaini na ilinila saa nzima. Saiti mira nikazitoa kabisa.

Vipimo vipya: 3.64 kwa 1.69 kwa 1.98, sawa na 12.18. Nauli pauni 706. Nimeokoa pauni 185 na ushee, bila kuhesabu nauli ya treni na mkate wa samaki.

Kitu ambacho sikukitegemea ni hiki. Usiku ule nilikaa na kikokotoo nikatafuta sentimita ipi ni ghali. Kwa gari langu, sentimita moja ya urefu ni kama pauni 1.94. Ya kimo ni 3.57. Ya upana ni 4.18! Kipimo kilicho kidogo ndicho chenye sentimita ghali, kwa sababu kila sentimita yake inazidishwa na vile viwili vikubwa. Kwa hiyo zile saiti mira mbili, sentimita 11 tu, zilikuwa zinanila zaidi ya tairi zima na ndoano yake. Mafundi wengi wangekimbilia kung'oa bampa kwanza.

Kumbuka pia kwamba nauli haiishii melini. Dar es Salaam ushuru unakokotolewa juu ya CIF, yaani bei ya gari, bima na nauli kwa pamoja. Ukizidishiwa nauli, na kodi inaweza kufuata nyuma yake.

Je, kontena? Nililifikiria. La futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9 hivi, Landrova inaingia na nafasi inabaki ya spea, na unalipia boksi zima bila kujali mita za ujazo. Mwenye vipuri vingi au gari lisilowaka aende huko. Wakala wangu wa roro alikataa kitu chochote kilicholegea ndani ya gari, hata jeki, na alitaka tenki lisizidi robo ya mafuta.

Gari lilifika salama, bila mkwaruzo mpya. Saiti mira zilisafiri na mimi kwa ndege, ndani ya begi, zimeviringishwa kwenye kanzu. Keria iko bado Coventry kwa rafiki yangu. Anayeitaka aje aichukue bure, ila ajue ina kimo cha sentimita 24.